Dada yangu amenitumia plasta za homoni kutoka Uingereza. Nibandike?

*Shangazi, salaam aleikum.*

*Nina miaka 48, naishi Arua, nauza vitenge sokoni. Watoto wangu ni wanne, wa mwisho bado yuko sekondari.*

*Taabu yangu ilianza kama homa. Usiku naamka nimelowa mpaka shuka, moyo unadunda, halafu baridi inaniingia. Nikaenda kliniki, wakapima malaria, hakuna, na dawa ya malaria wakanipa hivyo hivyo. Safari nyingine wakasema ni taifodi. Mchana nakuwa mbele ya mteja, nimemkunjulia kitenge, mara joto linanipanda kutoka kifuani hadi masikioni na jasho linadondokea mali ambayo bado sijaiuza. Vijana wa kibanda cha jirani wananitania kwamba nitembee na feni. Nacheka nao. Usingizi sina, kichwa kimekuwa kizito, juzi nimemrudishia mtu chenji ya elfu hamsini badala ya elfu tano na sikumwona tena.*

*Hedhi ilikaa miezi minne bila kuja, nikasema alhamdulillahi, imeisha. Mwezi uliopita ikarudi kwa nguvu, siku tisa, damu ya mabonge. Sijui hata siku zipi niswali na zipi niache.*

*Dada yangu mkubwa anaishi Leicester. Naye alipatwa na haya haya baada ya kufanyiwa operesheni ya uvimbe. Daktari wake akampa plasta za homoni za kubandika chini ya kiuno, na anasema hazikupita wiki nyingi akawa mtu tena. Alipoona nateseka akanitumia maboksi matatu kwa mkono wa mtu aliyekuja harusini. Zimeandikwa 50. Maelezo yake ni mafupi: bandika, badilisha mara mbili kwa wiki, basi. Nimezificha sandukuni chini ya nguo, kwenye chumba chetu cha bati kisicho na dari.*

*Kinachonizuia ni mambo mengi. Jirani yangu anasema hizo ndizo zinazoleta saratani ya matiti, na mke wa shemeji yangu tulimzika kwa ugonjwa huo. Mwaka jana pia nilipimwa presha ikaonekana 158 kwa 96, nikapewa vidonge, nikameza vikaisha, nikajiona sawa. Halafu kuna baba watoto. Ana mke mwenzangu wa miaka 31. Nikimwambia natumia dawa ya kukoma hedhi, si nimejitangaza bibi kizee mwenyewe? Na plasta ataiona. Tendo lenyewe siku hizi linaniuma, nalikwepa, naye anadhani nimenuna kwa sababu ya mwenzangu. Tena kuna suala la josho: maji yatafikaje kwenye ngozi iliyofunikwa?*

*Kwenda Kampala kwa bingwa sina uwezo. Nibandike tu, au nizitupe?*

*Mama wa Vitenge, Arua*

---

Wa aleikum salaam, Mama wa Vitenge.

Katika barua yako yote kuna maneno ambayo umeyapita mbio na mimi yamenishika: dada yako alipatwa na haya "baada ya kufanyiwa operesheni ya uvimbe". Kabla ya kufungua boksi hata moja, mpigie simu umuulize: walitoa uvimbe peke yake, au walitoa na kizazi?

Jibu lake litatueleza kwa nini maelezo aliyokupa ni mafupi hivyo. Homoni iliyo ndani ya plasta ni estrojeni. Mwanamke aliyetolewa kizazi kwa kawaida hupewa estrojeni peke yake, na kweli, kwake mambo huishia kwenye kubandika na kubadilisha. Wewe, kwa jinsi unavyoeleza, kizazi chako unacho. Kwa mwenye kizazi, estrojeni ni mvua inayonyesha shambani na homoni nyingine, projesteroni, ni jembe linalopalilia. Mvua ikinyesha miezi na miaka bila jembe kupita, utando wa ndani wa kizazi hunenepa, damu huanza kutoka ovyo, na baadaye utando huo unaweza kugeuka saratani. Kwa hiyo mwanamke kama wewe huandikiwa vyote viwili. Kwa anayeona hedhi bado, mara nyingi projesteroni huwa ni vidonge vya miligramu 200 kila usiku kwa siku 12 hadi 14 za mwezi; kwa ambaye hedhi imekoma kabisa, miligramu 100 kila usiku. Humezwa wakati wa kulala kwa sababu huleta usingizi, jambo ambalo nadhani hutalilalamikia. Wengine huwekewa kitanzi chenye homoni ya levonogestreli, kinacholinda utando huo kwa miaka mitano na kuzuia mimba pia.

Dada yako hakukudanganya. Amekupa kwa mapenzi kile kilichomfaa yeye. Ila karatasi ya daktari wa Leicester iliandikwa kwa mwili wa dada yako, na mwili huo na wako huenda vimetofautiana katika jambo hilo moja kubwa.

Sasa tuje kwako. Umeshaamua kwamba hili ni suala la kukoma hedhi, na huenda uko sahihi: umri unalingana, joto la kupanda kifuani linalingana, usingizi kukatika na kusahau pia. Lakini nakuomba usiufunge mlango mapema. Jasho la usiku linaweza kuwa kifua kikuu, hasa kama kuna kikohozi au unakonda. Linaweza kuwa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ambayo pia huufanya moyo udunde. Umepimwa malaria, ukaambiwa taifodi. Je, kuna aliyekupima hivi vingine, na virusi vya Ukimwi? Ningependa wapime na wingi wa damu, kwa sababu siku tisa za mabonge zinaweza kumfanya mtu awe mzito wa kichwa hata bila kukosa usingizi.

Na hiyo damu yenyewe hainipi raha. Miezi minne bila hedhi si kukoma hedhi; huhesabiwa kuwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo. Kabla ya hapo kuruka na kurudi ni kawaida, na mara nyingi si kitu. Lakini damu nyingi ambayo haijajulikana sababu ni moja ya mambo yanayomfanya daktari asimame kwanza, asianzishe homoni. Inaweza kuwa uvimbe kama wa dada yako, maana huo hutembea katika familia na estrojeni inaweza kuulisha ukakua. Inaweza kuwa utando ulionenepa tayari. Inaweza kuwa mlango wa kizazi, na saratani ya hapo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Uganda. Na usicheke: inaweza kuwa mimba iliyoharibika. Katika miaka 48 mtu bado anaweza kushika mimba, na plasta hizi haziizuii. Kama hamtaki mtoto wa tano, uzazi wa mpango unaendelea hata ukiwa na plasta mwilini.

Umesema Kampala huwezi. Sehemu kubwa ya haya hayahitaji Kampala. Presha hupimwa hata kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mlango wa kizazi hukaguliwa kwa siki katika vituo vingi vya serikali. Kwa skani ya kizazi na daktari wa wanawake, hospitali ya rufaa ya Arua iko hapo hapo mjini. Kuna mahali ningekushauri uibane pesa yako: ukiambiwa ulipie kipimo cha kiwango cha homoni kwenye damu ili "kuthibitisha", uliza kwanza kitabadilisha nini. Kwa mwanamke aliyepita miaka 45 mwenye dalili kama zako, daktari hutegemea umri na maelezo yake, kwa kuwa kiwango hicho hupanda na kushuka wiki hadi wiki. Pesa hiyo itakufaa zaidi kwenye skani.

Presha ya 158 kwa 96 uliyoiacha nyuma mwaka jana haikuondoka kwa sababu vidonge vimekwisha. Presha haiumi, ndiyo hatari yake. Ikiwa bado iko juu, irudishwe chini kwanza. Ikishatulia, haikufungii njia ya homoni, na hapo plasta inakuwa na ubora wake. Kidonge cha estrojeni kikimezwa hupita kwenye ini kabla ya kuenea mwilini, na ini huongeza vitu vinavyogandisha damu. Estrojeni inayopita kwenye ngozi huingia moja kwa moja kwenye damu, na kwa dozi za kawaida haijaonekana kuongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa kama vidonge. Kwa mwenye presha iliyodhibitiwa, au mwenye mwili mkubwa, madaktari wengi huipendelea njia ya ngozi kwa sababu hiyo.

Nimetaja ini. Kwenu West Nile homa ya ini aina ya B ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za nchi. Kama hujawahi kupimwa, omba upimwe, kwa kuwa mwenye ini linaloumwa sana hapewi homoni hizi. Mwambie daktari pia kama umewahi kupata saratani ya titi, damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, kiharusi, au ugonjwa wa moyo. Mwambie na kila dawa unayotumia: rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huifanya estrojeni iishe mwilini haraka, ukabaki unabandika bila kupata nafuu.

Jirani yako na saratani. Hofu yake ina mzizi. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, wenye wanawake zaidi ya 16,000, ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliokuwa wakimeza homoni mbili kwa pamoja walipata saratani ya titi 38, na waliomeza kidonge kisicho na dawa 30. Wanane zaidi. Habari ikazunguka dunia nzima, na wanawake wengi wakaacha dawa zao siku hiyo hiyo. Kisichozunguka ni kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, kwamba walitumia vidonge vya estrojeni iliyotolewa kwenye mkojo wa farasi pamoja na projesteroni ya kutengenezwa, na kwamba katika tawi jingine la utafiti huo, la wanawake wasio na kizazi waliomeza estrojeni peke yake, saratani ya titi haikuongezeka. Sikuambii kwamba kwa hiyo hakuna hatari. Ukitumia homoni zote mbili, hatari ya titi ipo, ni ndogo, na huongezeka kadiri miaka ya kutumia inavyokuwa mingi. Faida huzidi hatari hasa kwa wanaoanza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, na wewe uko ndani ya mpaka huo. Mke wa shemeji yako, Mungu amrehemu, si damu yako. Ugonjwa wake hauongezi wako. Ninachotaka kujua ni mama yako, shangazi zako na dada zako: kuna aliyeugua titi? Swali hilo daktari atakuuliza, nenda na jibu.

Tuseme umepimwa, daktari ameridhika, na umeamua kuanza. Wengi huanzishwa na plasta ya 25 au ya 50, maana yake mikrogramu zinazoingia mwilini kwa siku, kisha huongezwa polepole kama dalili haziishi. Plasta hubandikwa chini ya kiuno, kwenye tako au tumbo la chini, kamwe si kwenye titi. Ngozi iwe safi na kavu kabisa: siku hiyo mafuta ya kujipaka yasifike hapo, hata ya nazi. Bandika, kisha ikandamize kwa kiganja kama nusu dakika, hasa kingo zake. Isiwe pale ambapo kamba ya gagulo inasugua. Mara inayofuata hamia upande mwingine. Kwa jasho la Arua itabanduka siku moja, utaikuta imejikunja kwenye nguo. Bandika mpya na uendelee na siku zako zile zile za kubadilisha. Iliyotumika ikunje gundi kwa gundi uitupe mbali na watoto, bado ina dawa ndani. Na sanduku lako chini ya bati linanitia shaka. Soma boksi: nyingi huandikwa zisizidi nyuzi 25 za joto. Chumba cha bati mchana wa Februari kinapita hapo kwa mbali, kwa hiyo huenda plasta hizo zimeshapungua nguvu.

Nafuu huanza ndani ya wiki chache, lakini matokeo hupimwa baada ya miezi mitatu. Matiti kuuma, kichwa, na matone ya damu katika miezi ya kwanza hutokea na mara nyingi hutulia. Weka daftari dogo, lile lile la madeni ya vitenge ukipenda: tarehe ya plasta, presha, siku za damu, usiku ulizolala. Utarudi kwa daktari baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka, apime presha, akague matiti, muulizane kama bado unaihitaji. Damu inayoendelea baada ya miezi sita, au inayorudi baada ya kukatika, ichunguzwe hata kama ni kidogo. Na usingoje miadi ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma, pumzi inakata ghafla au kifua kinabana, uso umekwenda upande, mkono umelegea. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Unaweza pia kukataa homoni, na si ujinga. Kuna dawa zisizo za homoni zinazopunguza joto la ghafla: dozi ndogo za baadhi ya dawa za sonona kama venlafaksini, au gabapentini. Hazifikii nguvu ya estrojeni, na venlafaksini inaweza kupandisha presha, kwa hiyo kwako si chaguo jepesi. Maumivu ya tendo yana tiba yake ya peke yake: krimu au vidonge vidogo vya estrojeni vya kuweka ukeni, ambavyo haviingii sana mwilini na kwa kawaida havihitaji projesteroni. Hata kilainishi cha maji cha duka la dawa ni mwanzo. Dawa za miti nitaziacha, isipokuwa hili: ukizitumia, daktari ajue.

Josho ni swali la shehe, na si aibu kumuuliza. Wagonjwa wenye bandeji wameuliza tangu zamani. Muulize pamoja na hiyo damu ya siku tisa, umweleze tarehe zako. Lakini ujue kuna estrojeni ya jeli pia. Hupakwa kila siku kwenye mkono wa juu au paja, husubiriwa ikauke kama dakika tano, na ikishapita saa moja unaoga kama kawaida, hakuna kinachofunika ngozi. Ina masharti yake: unanawa mikono, mtoto au mume asiguse pale mpaka saa hiyo ipite, na usisogee kwenye sigiri kabla haijakauka kwa sababu ina spiriti. Kwa mtu anayeficha, haionekani.

Lakini je, unahitaji kuficha? Unasema ukimwambia baba watoto umejitangaza bibi kizee. Kwa sasa anajua kitu kimoja tu: kwamba unamkwepa. Nafasi iliyobaki ameijaza mwenyewe, kwa mwenzako na wivu. Mimi simjui mume wako, unamjua wewe. Wapo wanaume ambao ukiwaambia "naumia, na daktari anasema kuna dawa" watauliza nauli ni kiasi gani. Wapo watakaokwenda kulisimulia barazani. Kama unaogopa wa pili, unaweza kumwambia nusu: kwamba unaumia, kwamba si hasira, kwamba unakwenda kupimwa. Mengine yangoje majibu ya skani. Nami nakuuliza, bila kukuhukumu: huyo mwenzako wa miaka 31 yumo ndani ya haraka yako ya kubandika leo? Kama yumo, ni haki yako kuumia, ila plasta haina dawa ya hilo.

Maboksi usiyatupe, wala usimgawie mtu. Yabebe ukienda hospitali, pamoja na jibu la dada yako na tarehe za damu yako tangu ilipoanza kuruka. Daktari akikuandikia homoni, muulize pale pale kama projesteroni inapatikana Arua na kwa bei gani kwa mwezi, kwa sababu hiyo ndiyo utakayoinunua mwenyewe kila mwezi, na kuanza plasta halafu kukosa pesa ya jembe katikati ya mwaka ni kurudi kule kule nilikokueleza mwanzo. Ukiona bei haiwezekani, mwambie kabla hajaandika, mzungumzie kitanzi au dawa zile nyingine. Majibu yakitoka niandikie, hasa ya presha.

Shangazi